Kwa Nini Mtaalamu wa Viungo Anarudi Darasani?

Jumapili moja baada ya Misa ya kwanza mzee mmoja alitusimamisha nje ya kanisa. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akauliza kwa sauti ambayo hata waliokuwa mbali waliisikia: "Sista, yule bwana wenu wa mazoezi hakumaliza shule? Nimeleta mgongo wangu hospitali, naambiwa yuko semina. Mwaka jana vile vile, semina. Mbona seremala akishahitimu harudi tena kwa mwalimu wake?"

Watu walicheka, nasi tulicheka. Lakini swali lile ni la haki. Hospitali yetu ina mtaalamu mmoja tu wa viungo. Akiondoka kwa wiki mbili, wako wagonjwa waliotembea toka alfajiri ambao watarudi nyumbani bila huduma. Basi tumeona vema mwezi huu tumjibu mzee wetu katika ukurasa huu, maana pengine wengi wana swali kama lake ila wanaona haya kuuliza.

MTAALAMU WA VIUNGO NI NANI?

Kazi yake kwa jina la chuoni ni fiziotherapia. Watu wengine humwita "bwana wa mazoezi", wengine hudhani ni mtu wa kukanda tu. La hasha! Yeye hupima jinsi viungo, misuli na mishipa ya fahamu inavyofanya kazi, kisha humsaidia mgonjwa kurudisha uwezo wake. Anamsimamisha aliyepooza, anamfundisha aliyevunjika mguu kutembea kwa magongo, anamwonyesha mama namna ya kumbeba na kumlisha mtoto mwenye mtindio wa ubongo. Mojawapo ya mahali wanapofundishwa wataalamu hao hapa nchini ni chuo cha KCMC, Moshi.

Vyama vya wataalamu hao vya nchi mbalimbali viliungana mwaka 1951 kuwa chama kimoja cha dunia, na tarehe 8 Septemba ya kila mwaka ni siku yao duniani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao bilioni 2.4 wana hali ya kiafya ambayo ingepata nafuu kwa huduma za utengemao, yaani huduma za kumrudishia mtu uwezo wake. Kwa hiyo kazi hii haiwahusu majeruhi wachache tu. Ni kazi inayogusa kila ukoo.

MAARIFA HAYAKAI MAHALI PAMOJA

Sasa turudi kwa seremala. Mti wa mninga ni ule ule aliouranda babu yake. Mwili wa binadamu nao ni ule ule, lakini tunavyouelewa leo sivyo tulivyouelewa jana. Hebu tuone mifano michache.

Mfano wa kwanza ni ugonjwa wa polio. Zamani waganga wakuu waliamini kwamba mguu wa mtoto mwenye polio lazima ufungwe kwa vibao au plasta kwa majuma mengi usitikisike. Huko Queensland, Australia, mwaka 1911, mwanamke aliyeitwa Elizabeth Kenny alianza kutumia vitambaa vya sufu vilivyochovywa katika maji ya moto, na baada ya maumivu kupungua alivichezesha viungo vya mtoto polepole. Baadaye alijulikana kama Sister Kenny. Hakuwa mtawa. Hicho kilikuwa cheo cha wauguzi wa jeshi, kama vile watu wetu wanavyomwita muuguzi yeyote "Sista". Madaktari wengi walimpinga kwa miaka mingi. Mwaka 1940 alikwenda Marekani, na mwaka 1942 taasisi yenye jina lake ilifunguliwa mjini Minneapolis. Maelezo yake juu ya chanzo cha ugonjwa hayakuwa sahihi yote, lakini desturi ya kuwafunga watoto kwa muda mrefu iliachwa. Waliokuwa wamejifunza kufunga walilazimika kujifunza upya kunyoosha.

Mfano wa pili ni maumivu ya mgongo, na hapa hatuna budi kuungama. Yule mzee wa baada ya Misa alilalamika kwamba mtaalamu alipomwona hatimaye, alimwambia atembee na aendelee na kazi ndogondogo, wakati zamani aliambiwa alale chali juu ya ubao wiki nzima. Aliyemwambia alale juu ya ubao ni sisi wenyewe, wauguzi wa hospitali ile ile. Ndivyo tulivyofundishwa chuoni, nasi tuliendelea kusema hivyo miaka mingi bila kujua kwamba mambo yamebadilika. Mwaka 1995 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Helsinki, Finland, kwa wafanyakazi 186 wenye maumivu mapya ya mgongo. Wengine walilazwa kitandani siku mbili, wengine walipewa mazoezi maalumu, wengine waliambiwa waendelee na shughuli zao za kawaida kadiri maumivu yanavyoruhusu. Waliopona upesi zaidi ni hao wa mwisho, na waliochelewa zaidi ni wale waliolala. Chunguzi nyingine zilizofuata zikaonyesha mwelekeo huo huo.

Mfano wa tatu ni watoto wachanga wenye mafua mazito yaliyoshuka kifuani na kuziba vijia vidogo vya hewa. Ilikuwa desturi kuwapigapiga kifuani na mgongoni ili makohozi yatoke. Walipopimwa wengi, ilionekana kwamba kupigapiga huko hakuwaponyi upesi, na kunamchosha mtoto anayepumua kwa shida. Yako magonjwa mengine ya kifua ambayo yanahitaji msaada wa kutoa makohozi, ila hili silo.

LAKINI SI KILA JAMBO JIPYA NI JEMA

Hapo msomaji asidhani kwamba tunasifu kila kipya. Mfano wa nne unatufundisha kinyume. Ilipojulikana kwamba mgonjwa wa kiharusi hafai kulala tu, wengine walifikiri: basi akisimamishwa mapema zaidi na mara nyingi zaidi, atapona vizuri zaidi. Jambo hilo lilipimwa kwa wagonjwa 2104 katika hospitali 56 za nchi tano, na matokeo yakatolewa mwaka 2015. Kumbe wale walioanza ndani ya saa 24 na kufanyishwa kazi nyingi walipata matokeo mabaya kidogo kuliko wale waliopewa huduma ya kawaida. Maana yake siyo kumwacha mgonjwa alale kama gogo. Ageuzwe, aketishwe, aanze kusimama, ila kwa kiasi, kwa vipindi vifupi, na siku ile ya kwanza asisukumwe kupita nguvu zake.

Mtaalamu asiyesoma ataendelea na desturi za zamani zilizokwisha kuonekana hazifai. Na mtaalamu anayesoma bila kupima ataparamia kila kinachotangazwa. Kujiendeleza kwa kweli ni kujifunza mambo mawili kwa pamoja: kipi kipya cha kupokea, na kipi cha kukataa.

HABARI YA MIGUU YA WATOTO WAWILI

Mfano wa tano tumeuona kwa macho yetu, hivyo tutauleza kwa kirefu.

Wako watoto wanaozaliwa na mguu kifundo, yaani wayo umepinda kuingia ndani na kisigino kimevutwa juu, kama kirungu. Hutokea takriban kwa mtoto mmoja kati ya elfu moja. Si laana, wala mama hakula kitu kibaya. Asipotibiwa, mtoto hukua akikanyagia ubavu wa mguu au hata mgongo wa wayo.

Miaka yetu ya mwanzo kazini, mama mmoja alituletea mtoto wa wiki mbili mwenye miguu ya namna hiyo. Tulimtibu kama tulivyojua: kuubana mguu kwa nguvu upande wa nje na kumfunga plasta fupi iishiayo chini ya goti. Plasta zilichomoka mara kwa mara. Mama alitembea kuja kwetu kwa miezi mingi bila kukosa. Mwishowe mguu ulionekana kama umenyooka kwa juu, lakini kisigino kilibaki kimening'inia, na mtoto akapelekwa kupasuliwa mbali. Familia iliuza mbuzi wake wote kwa ajili ya safari ile. Leo ni mtu mzima, anatembea, lakini vifundo vyake ni vigumu na jioni vinamuuma.

Wakati huo huo njia bora ilikwisha kuwapo duniani. Daktari Ignacio Ponseti, mzaliwa wa Hispania aliyefanya kazi katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, aliianza mwishoni mwa miaka ya 1940. Alitangaza matokeo yake mwaka 1963, na mwaka 1996 akaandika kitabu kizima. Lakini kwa miaka mingi hospitali nyingi, hata za nchi tajiri, ziliendelea kupasua. Mambo yaligeuka kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990. Mradi ulioanza Uganda mwaka 1999 ulionyesha kwamba kazi hii yaweza kufanywa vizuri na watumishi wa afya wasio madaktari bingwa, mradi wafundishwe vema, na baadaye njia hiyo ikaingizwa katika masomo ya vyuo. Daktari Ponseti alifariki mwaka 2009.

Njia yenyewe si ya nguvu. Mguu hunyooshwa taratibu kwa mikono mara moja kwa wiki, kidole gumba kikiwa kimeshika kichwa cha mfupa mmoja wa kifundo upande wa nje. Siri iko hapo: ukishika mahali pasipofaa, hatua chache tu mbele, mguu haufunguki. Kisha hufungwa plasta ndefu kutoka vidoleni hadi pajani, goti likiwa limekunjwa, ili isichomoke. Kwa kawaida plasta tano hadi saba hutosha. Halafu watoto wengi hukatwa kidogo ukano wa kisigino kwa ganzi ya mahali hapo tu, hufungwa plasta ya mwisho kwa majuma matatu, kisha huvaa viatu vilivyounganishwa kwa chuma. Viatu hivyo huvaliwa saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, na baadaye usiku na wakati wa kulala mchana hadi mtoto afikie miaka minne au mitano.

Mtaalamu wetu wa viungo alijifunza hayo katika mafunzo ya muda mfupi. Aliporudi alituita katika chumba cha plasta, akatuonyesha kwenye mifupa ya mfano wa wayo. Sisi wauguzi wakongwe tulinung'unika. Tulisema: "Huyu kijana amekaa darasani siku chache, sasa anataka kutufundisha plasta tulizofunga kabla hajazaliwa!" Yeye hakubishana. Alisema tu, "Mama zangu, wekeni kidole hapa." Tuliweka, tukasikia mfupa ukisogea chini ya kidole chetu. Miaka yote ile tulikuwa tumeshika mahali pengine.

Muda si mrefu aliletwa mtoto mwingine wa ukoo ule ule, binamu wa yule wa kwanza. Baada ya plasta ya sita miguu yake ilikuwa imefunguka. Nyanya yake, aliyeuza mbuzi wale, aliishika miguu ya mjukuu akaitazama kwa muda, kisha akatuuliza: "Na yule mwingine je? Dawa hii mlikuwa mmeificha wapi?" Hatukuwa na la kumjibu. Hatukuificha. Hatukuijua, na hatukuijua kwa sababu hakuna kati yetu aliyekuwa amerudi darasani.

KUJIENDELEZA KUNAFANYIKAJE?

Nchi nyingi zimeona kwamba jambo hili lisiachwe kwa hiari ya mtu tu. Uingereza, mtaalamu wa viungo huhuisha usajili wake kila miaka miwili, na asilimia 2.5 ya wataalamu huchaguliwa kwa bahati nasibu waonyeshe walichojifunza na jinsi kilivyowafaa wagonjwa. California, Marekani, kwa kawaida anatakiwa kuwa na saa 30 za masomo kila miaka miwili. Jirani zetu wa Kenya walitunga sheria mwaka 2014 iliyounda baraza la kuwasajili wataalamu hao na kuwapa leseni.

Lakini kujiendeleza si semina za mjini peke yake. Ziko njia nyingi:

1. Mafunzo ya muda mfupi ya vitendo, kama yale ya mguu kifundo, ambapo mwalimu husimama kando yako ukimshika mgonjwa.

2. Kufanya kazi kwa muda katika hospitali kubwa chini ya mwenzako mwenye uzoefu.

3. Kikao cha nusu saa kila wiki hapo hapo hospitalini, ambapo mmoja anasoma makala na wote wanaijadili, au mgonjwa mmoja mgumu anazungumziwa na wauguzi, daktari na mtaalamu wa viungo pamoja.

4. Kusoma kwa njia ya intaneti. Huko Sydney, Australia, imewekwa tangu mwaka 1999 hazina ya chunguzi za tiba ya viungo iitwayo PEDro, ambayo yeyote anaweza kuitazama bila malipo, hata kwa simu.

5. Kuweka daftari la wagonjwa na kurudi kulisoma: nani alipona, nani alirudi na tatizo lile lile, na kwa nini.

SEMINA NZURI NA SEMINA YA POSHO

Tusifichane. Ziko semina ambazo mtu huenda kwa ajili ya posho na chakula cha mchana, akarudi na mkoba mpya na cheti, na mikono yake ni ile ile. Ziko nyingine ambazo shabaha yake ni kuuza mashine. Tena imeonekana kwamba kusikiliza mhadhara peke yake hubadilisha kidogo sana kazi ya mtumishi. Kinachobadilisha ni kujaribu kwa mikono, kusahihishwa, na kutembelewa baadaye kuona kama bado unafanya ulivyofundishwa.

Katika hospitali yetu tulikubaliana mambo matatu. Kwanza, anayekwenda aseme mapema ni tatizo gani la wagonjwa wetu analokwenda kulitafutia jibu. Pili, akirudi awafundishe wenzake kabla ya wiki mbili kupita. Tatu, tarehe za kutokuwapo kwake zitangazwe mapema parokiani na zahanati, ili mtu asitembee bure. Hilo la tatu tulichelewa kulifanya, na kwa hilo mzee wetu alikuwa na haki ya kukasirika.

WEWE MSOMAJI UFANYE NINI?

Usidhani kwamba jambo hili ni la watumishi peke yao. Wewe pia una sehemu yako.

Mtoto akizaliwa na mguu uliopinda, mlete katika majuma ya kwanza. Samaki mkunje angali mbichi. Aliyekua naye aletwe, asifichwe ndani. Akiwa na plasta, tazama vidole vyake kila siku: vikiwa vya baridi, vimebadilika rangi, vimevimba, au vimepotelea ndani ya plasta, rudi siku hiyo hiyo. Na viatu vya chuma visivuliwe kwa sababu mama mkwe anasema ni minyororo. Sababu kubwa ya mguu kurudi kupinda ni kuacha viatu hivyo mapema.

Ukiwa na maumivu ya mgongo ya kawaida, usijilaze siku nyingi. Endelea kutembea na kufanya kazi nyepesi. Lakini njoo hospitali bila kuchelewa kama miguu inakosa nguvu, kama umekufa ganzi sehemu za siri, kama huwezi kuzuia haja au mkojo hautoki, kama una homa, unakonda au unatoka jasho usiku, au kama maumivu yalianza baada ya kuanguka. Hizo si dalili za mgongo wa kawaida. Moja ya sababu ni kifua kikuu cha mifupa ya mgongo, ambacho kina dawa.

Muulize mtaalamu wako: "Zoezi hili ni la nini? Nifanye mara ngapi? Nitajuaje kama linanisaidia?" Mtumishi mwema hakasirishwi na maswali hayo. Mara nyingi swali la mgonjwa ndilo linalomrudisha kwenye kitabu.

Nanyi wajumbe wa kamati za afya na halmashauri za parokia, bajeti ya hospitali inapozungumzwa, fungu la mafunzo lisiwe la kwanza kukatwa. Dawa ikiisha stoo, kila mtu huona rafu tupu. Maarifa yakichakaa hakuna anayeona, mpaka aje nyanya kuuliza yalikuwa yamefichwa wapi.

Tulipomweleza mzee wetu haya yote, alisikiliza akiwa ameegemea fimbo yake. Kisha akasema: "Basi aende huko semina. Lakini akirudi, mniite mapema." Tumemwandikia tarehe kwenye kadi yake. Na sasa anakuja kliniki kwa miguu, kama alivyoagizwa.